Wali wa Marehemu

Nilibeba vifurushi sita vya kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba hadi Japani, na cha kwanza alipewa mtu aliyekuwa amekufa miaka minne kabla sijafika.

Nianze na hiyo kahawa, maana msomaji wa Tanga au Mombasa huenda haijui. Kwetu Kagera tunaiita amwani. Huchumwa ingali mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, huanikwa hadi ikauke, kisha hufungwa kwa majani makavu ya mgomba, na wachuuzi wa stendi wanakupitishia dirishani hata kabla basi halijasimama. Mgeni akiingia nyumbani anawekewa punje chache kiganjani, ndipo maongezi yaanze. Wazee wa zamani walikwenda mbali zaidi. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani huwa na punje mbili zilizolaliana, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje, mwenzake akaimeza. Undugu huo tuliuita omukago. Kwa hiyo nikikupa amwani, usidhani nimekupa peremende.

Mimi ni bibi shamba. Nimezaliwa Nkwenda, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Kazi yangu ni kuzunguka na pikipiki nikiwaambia watu wang'oe migomba iliyopatwa na mnyauko, jambo ambalo hakuna apendaye kuambiwa. Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kusomea shahada ya pili Japani, kupitia ule mpango wa vijana wa Afrika ambao serikali yao iliutangaza mwaka 2013. Nikapelekwa Tottori, mkoa wenye watu wachache kuliko yote nchini kwao, milima nyuma, bahari mbele, na ufukweni vilima vya mchanga kama jangwa lililopotea njia. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anakaribia miaka 80. Mtaani walimwita Obaasan, yaani Bibi, nami nikamwita hivyohivyo.

Siku ya kwanza nilipiga magoti. Sikuwa nimepanga, kwetu mwanamke akimwamkia mtu mzima magoti yanashuka yenyewe. Kumbe Obaasan naye alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili wa kizingiti, viganja vimelala juu ya mkeka, paji la uso linaelekea chini. Mtu mwenye umri wa bibi yangu ananipigia magoti mimi! Nikashuka zaidi. Naye akashuka zaidi. Kwetu magoti hufuata umri, kwao mwenye nyumba humshukia mgeni, na kwa sheria hizo mbili hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuinuka kwanza. Tungekuwa pale hadi leo kama birika lisingepiga filimbi jikoni.

Nikampa kifurushi cha amwani kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili. Hapo hatukuhitaji mkalimani. Lakini hakukifungua. Alikwenda nacho chumba cha pili, akafungua milango ya kabati jeusi lililonakshiwa dhahabu kwa ndani, akakiweka mbele ya picha ya mwanamume mwenye miwani, akagonga kibakuli cha shaba kikatoa mlio mrefu, akakutanisha viganja, akanyamaza kidogo. Nikadhani ndipo anapohifadhi vitu vya thamani. Siku ya tatu akakitoa, tukatafuna pamoja, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa na kusema ni tamu sana.

Mwanafunzi mwenzangu Mtanzania, aliyekuwa ametangulia mwaka mmoja, ndiye aliyenieleza. Kabati lile linaitwa butsudan, ni altare ya nyumbani, na zawadi ikiingia, marehemu huonyeshwa kwanza, walio hai hula baadaye. "Kwa hiyo dada," akasema huku akicheka, "umeshatoa sadaka."

Yeye alicheka kwa sababu ni mtu wa Dar es Salaam.

Watu wakisikia nimeishi Japani huniuliza habari za treni zinazofika kwa dakika yake, za vyoo vinavyokuosha, za samaki mbichi. Yapo. Takataka peke yake nilizisomea miezi mitatu: siku ya chupa, siku ya plastiki, siku ya zinazoungua, na mfuko ukikosewa unaachwa palepale na karatasi ya onyo kila mpita njia auone. Hayo yalinichosha tu. Kilichonitikisa ni kabati.

Nimelelewa na bibi yangu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 nyumba nyingi zilikuwa na bibi na wajukuu, katikati hapana mtu. Baba na mama yangu wamelala kwenye kibanja, hatua kama 30 kutoka mlango wa jikoni, chini ya migomba. Jioni moja moja Bibi alipita pale na kikombe. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini, punje mbili tatu za amwani, maneno machache ya Kinyambo ambayo sikuyasikia vizuri, basi, akarudi kupika.

Sisi ni Walutheri, tena wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, ng'ambo ya Mto Kagera nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika kwetu na moto wake na wimbo wake wa Tukutendereza. Mtu aliyeokoka haterekeri, yaani hatambikii, mizimu. Mtu fulani alimwona Bibi, akamwambia mzee wa kanisa, mzee akapeleka barazani, na Bibi akazuiwa meza ya Bwana. Usharika wenyewe hauna haja ya kutajwa. Miezi saba baadaye alisimama mbele ya watu akatubu, akarudishwa kundini. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa benchi la pili. Nakumbuka alivyokuwa akilifungua na kulifunga fundo la kanga kiunoni muda wote mchungaji alipokuwa akisoma. Tangu siku hiyo sikumwona tena na kikombe.

Na sasa huku Tottori, mbali na baraza lolote la wazee, mkono wangu mwenyewe ulikuwa umempelekea marehemu amwani.

Kila asubuhi sufuria la umeme lilipolia, Obaasan alichota wali wa kwanza kabla mtu yeyote hajala, akauweka kwenye kibakuli kisichozidi kikombe cha kahawa cha Waswahili, akaupeleka kabatini ukifuka mvuke. Kengele, viganja, kimya. Adhuhuri alirudi kuuchukua, ukiwa umepoa, akaula na kachumbari yao ya figili. Jumapili aliongeza kikombe cha kahawa nyeusi, kwa sababu mumewe alipenda Kilimanjaro. Alinionyesha pakiti kwa furaha: kahawa ya kwenu!

Hapa nina la kusema, ingawa halihusu dini. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani, "Kilimanjaro" ni jina la arabika ya Tanzania popote ilipolimwa, iwe Mbeya, iwe Mbinga, isipokuwa ile ya Bukoba. Tumeachwa nje kwa kutajwa. Na robusta, ambayo ndiyo kahawa yetu kubwa, haimo kabisa. Mkulima wa Kyerwa ambaye ameuza maua ya mibuni yake kwa butura, yaani kabla ya mavuno, ili alipe ada hajui kwamba huko mwisho wa safari kuna karatasi inayomtenga hata na jina la mlima. Lakini Kijapani changu hakikutosha kuyaeleza hayo mbele ya picha ya mtu. Nikasema ndiyo, ya kwetu.

Mwezi Januari, theluji imefika dirishani, nilijitia moyo nikamuuliza. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Nikamwonyesha kibakuli, nikamwonyesha picha: "Anakula?"

Obaasan aliiangalia picha kama vile nimemuuliza jambo la kawaida la mumewe, kwa mfano alikuwa akivaa viatu saizi gani.

"Alipenda wa moto," akasema.

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Akainuka akafunga pazia kuzuia baridi.

Wiki kadhaa nilidhani hakunielewa, kwamba Kijapani changu kilikuwa kibovu. Ukimuuliza Mjapani wa kawaida dini yake, mara nyingi atakuambia hana. Naye mwaka mpya unamkuta kwenye hekalu la Shinto, harusi yake huenda ilifungwa mbele ya mtu aliyevaa kama padri, na mazishi yake yatasomewa na mtawa wa Kibudha. Mwanzoni niliona huo ni ubabaishaji. Nilikuwa na namna yangu ya kupima: kwanza mtu anaamini, kisha anatenda kwa kuwa ameamini. Wali wa Obaasan haukuingia kwenye kipimo hicho. Nikitaka kujua anaamini nini, yeye ananiambia mumewe alipenda nini.

Kisha ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe. Mtawa alikuja, akasoma sala kwa sauti ya nyuki ndani ya mzinga, akanywa chai, akaondoka na bahasha. Obaasan akatoa kabatini vitumbua vyeupe vya duara, akanipa kimoja kwenye karatasi: "Kimetoka kwa mume wangu."

Wanafunzi wa shule ya Jumapili mnakumbuka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nyama inayouzwa sokoni wale bila kuulizauliza, lakini mtu akikuambia hii imetolewa sadaka, iache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Obaasan alikuwa ameniambia waziwazi. Kwa andiko la Paulo, kesi imekwisha. Ila nilivyokishika kile kitumbua niliona kwamba Paulo alikuwa akimlinda yule msemaji asijeruhiwe, na msemaji wangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono magotini, akisubiri. Ni kipi kingemjeruhi? Nikala.

Ndani kulikuwa na maharage. Maharage mekundu yaliyopondwa, yametiwa sukari! Kwa mtu wa Karagwe, ambaye maharage na ndizi ndiyo uhai wenyewe, maharage yenye sukari ni jaribu kubwa kuliko sanamu. Nikameza. Dhamiri ikatulia mapema kuliko tumbo.

Aliyenifungua macho kuhusu swali langu ni Mwingereza, tena wa karne ya 19. Kwenye maktaba ya chuo nilikuta kitabu cha msafiri huyo, Speke, kilichochapwa mwaka 1863, nikakitafuta kwa uchu wa mtu aliye mbali na kwao, nione Karagwe imeandikwaje. Speke alifika Bweranyange mwishoni mwa 1861, akapokewa na Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, kwa ukarimu ambao yeye mwenyewe anaukiri. Mwenzake Grant, aliyeoza mguu, alibaki pale akiuguzwa miezi mingine baada ya Speke kuendelea Uganda. Katika maongezi yao Speke anamuuliza mfalme kwa nini kila mwaka anachinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake. Rumanyika anacheka. Anasema anatumaini kwamba kwa kufanya hivyo mavuno ya mwaka ujao yatakuwa bora. Anaongeza kwamba huweka pia pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa la mlimani, ingawa jiwe haliwezi kula.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Rumanyika alijua fika kwamba jiwe halili, na alilisema hilo mwenyewe. Aliyedhani hapo kuna jambo la kufumbuliwa ni mgeni mwenye daftari. Na mimi Januari ile, nikiwa nimeyapanga maneno usiku kucha, nilikuwa nimeuliza swali la Speke. Nilijiona mtu wa Rumanyika, kumbe nimekaa upande wa daftari.

Nijihadhari nisiteleze upande wa pili. Kuna wanaotatua jambo hili kwa kusema kwamba ni adabu tu, si ibada. Roma yenyewe ilipita njia hiyo. Mwezi Mei 1936 iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani kwenda kuinama kwenye mahekalu ya Shinto, kwa hoja kwamba maana yake ni uraia na heshima, na mwaka 1939 ikalegeza marufuku ya tangu karne ya 18 kuhusu Wachina na wahenga wao. Ruhusa ya 1936 ilitolewa wakati wanajeshi wameshika nchi, na miaka minne nyuma yake wanafunzi wa chuo cha Kikatoliki Tokyo walikuwa wameingia matatani kwa kukataa kuinama kwenye hekalu la Shinto la Yasukuni. Naielewa hofu yao. Lakini ufumbuzi wenyewe unamsamehe mtu kwa kumwambia kwamba alichokuwa akifanya hakina uzito. Ningekuwa na moyo gani kumwambia Obaasan kwamba wali wake ni uraia?

Na wazee wa usharika wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kuterekera kunavyoweza kuwa: mganga anayesema marehemu wako anadai mbuzi, kesho ng'ombe, keshokutwa anataja jina la jirani, na kanda yetu ya ziwa imeua vikongwe kama wachawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi. Walipomwona Bibi na kikombe waliona mwanzo wa njia hiyo. Ninachowalaumu ni kitu kidogo: hakuna aliyemuuliza maneno yale machache ya Kinyambo yalikuwa yanasema nini.

Obaasan naye alishtuka kwa zamu yake. Jioni moja alinisimulia jinsi yeye na mwanawe walivyookota mifupa ya mumewe baada ya kuchomwa, kwa vijiti, wakipokezana kijiti kwa kijiti, wakianzia miguuni kuelekea kichwani, ili ndani ya chungu asikae kichwa chini. Ndiyo maana mezani kwao ni mwiko kupokezana chakula hivyo. Nilimsikiliza huku nimeshika mkeka. Natoka kwa watu ambao ndugu yao akifia Dar es Salaam huchangishana wakamsafirisha kilomita zaidi ya 1,400, mradi alale kwenye kibanja chake. Nikamweleza hivyo, nikamwambia baba na mama wako hatua 30 kutoka jikoni.

"Karibu hivyo?" Macho yakamtoka. Nikangoja aseme ni uchafu, au ni hofu. Akasema ananionea wivu. Kaburi la familia yake liko mlimani, magoti yake hayapandi tena, watoto wako Osaka, na mtaani kwake nyumba mbili zilikuwa zimeshamwita mtawa na fundi wa mawe wakafunga makaburi yao, kwa kuwa hakuna wa kuyatunza. Wali atauweka nani? Hakuuliza kwa maneno. Alisogeza kibakuli kidogo, kikakaa sawa katikati.

Nilirudi Nkwenda Oktoba 2018. Bibi alikuwa ameketi ukumbini anapukuchua maharage, nikapiga magoti, nikaamkia, akanishika kichwa kwa mikono yake yenye vumbi. Baada ya siku mbili tatu, watu wa kuja kuniangalia walipopungua, nilimsimulia habari za wali. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua.

"Na huo wali, mwisho wake nani anaula?"

"Anaula yeye mwenyewe, Waitu. Adhuhuri."

Mikono ikasimama. "Anampa asubuhi, adhuhuri anamnyang'anya?"

"Wanasema marehemu anatosheka na mvuke."

Bibi alicheka hadi maharage yakamwagika. "Ubahili huo!" akasema. "Mvuke!" Akayaokota moja moja, akicheka bado, halafu akanyamaza kwa muda. "Huyo mama ana wajukuu?"

"Wako mbali."

"Hm."

Nilikuwa nimemletea kopo la vitumbua vile vyeupe, nikiwa nimemwonya kuhusu maharage. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza kutazama picha za maua, akaingia nalo ndani. Watoto wa jirani walisubiri mlangoni bure. Siku ya tatu asubuhi alitoka nalo, akaketi kwenye kigoda, akabandua kifuniko, akawagawia kimoja kimoja. Kifuniko kilikuwa kimeshika udongo kidogo pembeni. Kopo lilikuwa wapi siku zote tatu, sikumuuliza.